Tazama Laini Kwanza, Ofisi Baadaye

Mchoro wa mtandao ulioletwa darasani una rangi nne, maski sita, na laini zote za ruta zimepewa /30 "kuokoa anwani". Darasa zima likaupigia makofi. Pembeni, kwa herufi ndogo, itifaki imetajwa: RIP toleo la kwanza. Hilo ni jeneza lililopigwa vanishi.

RIP aliyoiandika Charles Hedrick katika RFC 1058, Juni 1988, haibebi maski. IGRP ya Cisco nayo vilevile. Ruta ikipokea taarifa za sabneti hukopa maski ya intafesi yake yenyewe. Kwa hiyo mpango bora una maski moja kwa daraja B zima, na vipande vyote vinagusana. Anayetaka kuchanganya maski ahamie OSPF, asibishane.

Mwanagenzi hukagua ofisi: wafanyakazi wangapi, printa ngapi. Mjuzi hukagua laini. Laini ina ncha mbili tu, na kuipa sabneti nzima ya anwani 254 humuuma mwanagenzi kama anamwaga maji jangwani. Basi anaipa 192.168.10.0/30, na hapo 172.16.0.0, daraja B ya ofisi zote, inakatika vipande viwili: 172.16.1.0 huku, 172.16.2.0 kule. Kila ruta, taarifa zake zikivuka mpaka huo, hufupisha na kutangaza 172.16.0.0 yote; ruta ya upande wa pili, kwa kuwa ina 172.16 yake, inapuuza. Katikati kukiwa na ruta ya tatu, ndiyo balaa: inaona njia mbili zilizo sawa na kugawa pakiti, ping moja inajibiwa, inayofuata inapotea. Afadhali ingekatika kabisa. Akijirekebisha kwa kuikata /30 ndani ya 172.16 hiyohiyo, ruta hazitangazi sabneti za /24 kupitia intafesi yenye maski tofauti. Zinanyamaza tu, bila ujumbe wowote wa kosa.

Hapo ndipo mlaghai hutambulika. Huandika njia za mkono kwenye kila ruta, ping inapita, ankara inalipwa. Siku laini ya mbali inapokatika, ruta hazijui kuzunguka. Fundi wa kweli huongeza anwani ya pili kwenye intafesi za laini, kutoka 172.16 yenye maski ileile, kisha anaiacha RIP ifanye kazi yake. Anwani 252 zinalala bure, naye halali vibaya.

 

Uzuri halisi uko katika RFC 1219 ya Paul Tsuchiya, Aprili 1991: kompyuta zihesabiwe kuanzia kulia, sabneti kuanzia kushoto. Okteti ya tatu inakwenda 128, 64, 192, 32, si 1, 2, 3. Katikati panabaki biti tupu, na ofisi zikivimba, maski ya mtandao wote inasogezwa bila kompyuta hata moja kubadilishiwa anwani. Wakati ule watu walipanga kwa penseli na karatasi ya miraba. Siku hizi wanaingiza namba kwenye kikokotoo na kupaka rangi.

Mchoro ule una laini saba, zote /30. Kwa RIP ya kwanza, ofisi zake hazitaonana.