Momenti si Sumaku: Uhakiki wa Madai kuhusu Vishada vya Metali juu ya Grafini yenye Kasoro, kwa Kuzingatia Arua na Koboko

Makala haya yanahakiki namna matokeo ya kinadharia kuhusu usumaku wa vishada vidogo vya metali yanavyofasiriwa yanapowafikia watunga sera. Hoja yetu ni kwamba ufasiri huo huvuka mipaka ya ushahidi, na kwamba istilahi zetu huchangia upotofu huo.

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja. Atomi ikitolewa, pengo linalobaki hunasa metali kwa nguvu kuliko grafini isiyo na kasoro. Tuchukue chuma. Atomi yake iliyo huru ina momenti ya magnetoni 4 za Bohr. Katika vishada vidogo ni takriban 3 kwa kila atomi. Katika chuma cha kawaida ni 2.2. Hata hivyo, mwaka 2009 Krasheninnikov na wenzake walionyesha kwa hesabu kuwa atomi ya chuma katika pengo la atomi moja hupoteza momenti, ilhali katika pengo la atomi mbili hubaki nayo. Mwaka 2010 Santos na wenzake walibaini kwamba kuongeza masahihisho ya msukumano wa elektroni kunaweza kuirejesha hata katika pengo la atomi moja. Jibu, basi, hutegemea aina ya kasoro na mbinu ya hesabu pia. Andiko lisilobainisha yote mawili halimfai mshauri wa sera.

Udhaifu wa pili ni jotoridi. Hesabu nyingi huchukulia sifuri ya Kelvini. Mwaka 2012 watafiti wa Manchester walipima grafini yenye mapengo: momenti zilikuwepo, lakini hazikujipanga pamoja hata katika baridi ya heliamu kimiminika. Kuahidi vifaa vya kuhifadhia data kwa msingi huo ni haraka isiyo na baraka.

Hapa lugha ina dhima. Msomaji wa Koboko, ambako Kiswahili hutumika bega kwa bega na Kikakwa na Kinubi, akiambiwa kuwa "atomi ina sumaku" atafikiria kitu kinachovuta misumari. Tutenge *momenti ya sumaku* na *sumaku ya kudumu*. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa somo la lazima mwaka 2022, suala hili si la wanaistilahi peke yao.

Utafiti wa aina hii unawezekana Arua. Programu huria kama Quantum ESPRESSO hailipiwi, na Eldoret iliandaa mafunzo ya ASESMA mwaka 2012. Kinachohitajika ni kompyuta na umeme usiokatika, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na kituo cha Nyagak cha megawati 3.5. Fedha zielekezwe kwanza huko, na kwa wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Muni, kabla ya kununua ahadi ambazo hesabu zenyewe hazijazitoa.