Riwaya kwa Sehemu: Msuko, Mandhari na Haki za Mtunzi Anayeanza katika Majukwaa ya Mtandaoni, kwa Kurejelea Chekereni, Moshi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umeanzia kwenye kitabu kilichochapwa. Mtunzi huhesabiwa kuwa mtunzi baada ya mswada wake kupita kwa mhariri, kwa mchapishaji na hatimaye kufika dukani. Utaratibu huo hauwaelezi tena watunzi wengi wanaoanza. Kijana aliyeko Chekereni, katika uwanda wa chini wa Moshi, anaweza kuandika sehemu ya kwanza ya riwaya kwenye simu, akaiweka Wattpad, JamiiForums, katika ukurasa wa Facebook au kundi la WhatsApp, na akapata wasomaji wa Mwanza na Muscat kabla hajajua riwaya yenyewe itaishaje.

Makala haya yanahakiki umbo hilo la utunzi. Hoja kuu ni kwamba udhaifu unaotajwa mara kwa mara katika riwaya hizi hautokani na kutolewa kwa sehemu. Unatokana na taharuki kutenganishwa na sababu na mahali, na mtunzi kuachwa bila mhariri wala ulinzi wa kazi yake.

2.0 Usuli

Riwaya ya sehemu si jambo geni. Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers kwa mafungu kati ya 1836 na 1837. Nchini Tanzania, magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo yaliwazoesha wasomaji kusubiri toleo lijalo ili kujua hatima ya mhusika. Mjini Moshi, gazeti la Komkya (1953–1961) lilikuwa uwanja ambamo wasomaji waliandika na kujibizana. Kwa hiyo hadhira inayomjibu mwandishi hadharani haikuletwa na simu.

Kujichapishia nako kuna historia. Elvis Musiba, baada ya Kufa na Kupona (1974), alichapisha kazi zake kupitia kampuni yake ya Continental Publishers, na Ben Mtobwa alianzisha Heko. Njia nyingine ilikuwa mashindano: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960.

Kinachotofautisha majukwaa ya mtandaoni na njia hizo ni mambo mawili. Muda kati ya kuandika na kuhukumiwa umefupishwa kutoka miezi hadi dakika, na hakuna mtu anayeisoma kazi nzima kabla ya hadhira. Tofauti hizo ndizo zinazouathiri msuko.

3.0 Msuko na Taharuki

Umbo la sehemu moja linafahamika: muhtasari mfupi wa yaliyopita, tukio moja au mawili, kisha hatari inayokatizwa kwa neno "ITAENDELEA". Si kosa kumfanya msomaji asubiri. Tatizo huzuka pale ambapo kila hatari huondolewa katika mistari ya kwanza ya sehemu inayofuata ili kuipisha hatari nyingine. Hapo matukio hufuatana lakini hayazaani. Kipimo rahisi kinaweza kutumika: iondolewe sehemu moja, kisha iulizwe kama sehemu zinazofuata bado zinaeleweka. Zikieleweka bila upungufu wowote, sehemu iliyoondolewa ilikuwa ya kujaza nafasi.

Riwaya ya upelelezi hudhihirisha kwamba usomaji wa mvuto na msuko wa sababu vinaweza kukaa pamoja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa hufumbua fumbo kwa kuunganisha mambo madogo ambayo msomaji aliyapita bila kuyajali. Utunzi wa namna hiyo humtaka mtunzi aujue mwisho anapoandika mwanzo, au apate nafasi ya kurudi nyuma na kupanda dalili. Mtunzi anayetoa kila sehemu siku anayoiandika hana nafasi hiyo. Wattpad humruhusu kurekebisha sehemu iliyokwisha kutolewa, ila aliyekwisha kuisoma ana sababu ndogo ya kuirudia. Katika WhatsApp, sehemu iliyokwisha kusambazwa kutoka kundi moja hadi jingine haiwezi kurudishwa.

Kwa hiyo, kwa anayeanza, uamuzi wa kwanza wa kisanaa si uchaguzi wa jukwaa. Ni kukamilisha rasimu ya riwaya nzima kabla ya kutoa sehemu ya kwanza. Rasimu ikikamilika, mgawanyo wa sehemu huwa kazi ya usanifu: mtunzi huchagua mahali pa kukata kwa kuzingatia kile ambacho msomaji anapaswa kukibeba hadi sehemu ijayo.

4.0 Mandhari: Mahali na Mgogoro Wake

Nyingi ya riwaya hizi zina mandhari yanayohamishika: jumba la tajiri, ofisi, hoteli, wodi ya hospitali. Jiji hutajwa kwa jina lakini halitendi lolote katika hadithi. Hali ni tofauti katika Rosa Mistika (1971), ambamo Kezilahabi, wakati huo akiwa mtunzi anayeanza, aliiweka familia ya Rosa katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe alikozaliwa. Ukali wa baba, macho ya jirani na njia ya kwenda shuleni ni sehemu ya chanzo cha anguko la mhusika. Kijiji hakikumpunguzia mtunzi wasomaji.

Chekereni ina mgogoro wa namna hiyo. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliigeuza sehemu ya uwanda huo kuwa mashamba ya mpunga yanayotegemea maji ya Mto Rau na chemchemi ya Njoro. Faida ya mpunga ilipoonekana, wakulima wa juu ya mifereji, nje ya mradi, nao walianza kuulima, na maji yakapungua kwa waliopangiwa. Chekereni iko upande wa chini, ambako maji hufika baada ya kupita kwa wengine.

Kifasihi, hali hii ina thamani ya pekee kwa riwaya ya sehemu. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Mkulima anayekesha mferejini akisubiri maji tayari yumo katika taharuki. Akikuta lango limefunguliwa na mtu mwingine, yuko mbele ya uamuzi wenye matokeo: anyamaze mpunga ukauke, ashitaki, au alipize. Mtu huyo akiwa shemeji yake, sehemu ijayo inamlazimu kuchagua kati ya chakula na undugu. Hatari hiyo haiwezi kufutwa kwa mstari mmoja, kwa kuwa mpunga uliokauka haufufuki. Hivyo mahali hutoa sababu, na sababu huishikilia taharuki.

5.0 Msomaji Badala ya Mhariri

Wolfgang Iser alieleza kwamba maana ya matini hujengwa pale msomaji anapojaza mapengo yaliyoachwa. Katika riwaya ya sehemu, pengo la siku tatu kati ya sehemu mbili hujazwa hadharani: wasomaji hubashiri, huonya na huomba mhusika fulani asife. Mtunzi hujifunza mapema ni wapi alieleweka na ni wapi alichosha, faida ambayo mtunzi wa kitabu huipata kwa kuchelewa.

Hata hivyo, msomaji wa sehemu husoma kwa ajili ya kesho, ilhali mhariri husoma kwa ajili ya kazi nzima. Maoni ya wasomaji yakichukuliwa kama amri, mhusika aliyestahili kuanguka huokolewa na dhamira hulegea. Mtunzi anayeanza anahitaji walau msomaji mmoja wa rasimu nzima asiyeogopa kumkosoa.

6.0 Haki na Malipo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi tangu anapotunga. Ugumu uko katika kuthibitisha na kufuatilia. Sehemu hunakiliwa bila jina la mtunzi, na simulizi husomwa kwa sauti na kupandishwa YouTube na wengine. Wapo wanaotoa mwanzo bure na kuuza mwendelezo kwa M-Pesa; njia hii humletea mtunzi kipato, lakini mnunuzi mmoja anaweza kuusambaza mwendelezo huo kwa kundi zima.

Kuwa na blogu binafsi nako kuliwekewa gharama. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilitaka leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na JamiiForums ilisitisha huduma kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Kwa mtunzi ambaye hajauza hata nakala moja, ada ya namna hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa abaki katika majukwaa ya wengine, kwa masharti yao. Kuhifadhi rasimu zenye tarehe na kuandika jina katika kila sehemu ni kinga ndogo, lakini iko ndani ya uwezo wake.

7.0 Hitimisho

Riwaya ya sehemu inastahili kuhakikiwa kwa vigezo vya riwaya: je, matukio yake yanazaana, na je, mahali pake panatenda? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, hupokea mswada uliokamilika. Mtunzi aliyemaliza rasimu kabla ya kuigawa anabaki na njia zote mbili. Wahakiki nao wana wajibu. Wakiendelea kusubiri kitabu kilichochapwa, watamkuta mtunzi akiwa amekwisha kufundwa na idadi ya waliobofya, na hapo ushauri wao utakuwa umechelewa.