Kishawishi na Ruhusa: Usaliti wa Ndoa katika Riwaya ya Coming to Birth

Soko la Burma, jirani ya mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo jijini Nairobi, limo katika eneo ambalo nyumba zake nyingi za umma zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wanaume wafanyakazi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini. Mkewe alitarajiwa kubaki mashambani. Nyumba za familia za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zilikwenda kinyume na desturi hiyo. Ni katika upande huo wa jiji, mwaka 1956, ambapo Marjorie Oludhe Macgoye anaianzisha hadithi ya ndoa ya Paulina na Martin Were katika Coming to Birth (1986).

Ni rahisi kuwapima wanandoa hawa kwa mizani moja, kwa kuwa wote wawili wanatoka nje ya ndoa. Mizani hiyo haitoshi. Martin, akibaki Nairobi, anakaa na wanawake wengine pasipo mgogoro mkubwa wa nafsi, maana desturi na mji vimekwisha kumruhusu. Pasipo katazo hapana kishawishi. Aliyeruhusiwa hashawishiki, huchukua tu. Paulina, ambaye mimba zimemharibikia, anapoingia katika uhusiano na Simon huko Kisumu, anaujua mpaka anaouvuka na gharama yake. Kwa hiyo yule anayelaumiwa zaidi na jamii ndiye hasa anayechagua, na ndiye mwenye tajriba kamili ya kimaadili.

Utata unazuka katika kifo cha Okeyo, mtoto wa uhusiano huo, anayeuawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969 wakati wa ziara ya Rais Kenyatta. Kukisoma kifo hicho kama mshahara wa dhambi ni kumtwika mama kosa la bunduki za dola. Macgoye analiweka tukio hilo katika historia ya taifa, wala halifanyi adhabu ya zinaa.

Udhaifu wa riwaya ni kwamba dhamiri ya Martin haichunguzwi kwa kina kama ya mkewe. Hata hivyo, wanaporudiana Nairobi miaka ya 1970, Paulina ana kazi na kauli yake. Ruhusa ya kale ya Martin inapungua nguvu, na hapo ndipo uaminifu wake unapoweza kuwa na maana.