Hesabu ya Maji

Jina la mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, limetokana na maji, kwa kuwa mitaa hiyo ilikuwa upande wa pili wa hori, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, lililoutenga Mji Mkongwe na sehemu kubwa ya Unguja, nalo lilijaa na kupwa kwa kufuata mwezi mpaka lilipofukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20; daraja lake limebaki katika jina la Darajani tu.

Ufundi wa kuhesabu maji haukufukiwa nalo. Mvuvi anajua kuwa maji huchelewa takribani dakika 50 kila siku, na kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kwa kuwa maji ya bamvua Unguja hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, huonekana wakati huo wa asubuhi wameinama juu ya vigingi na kamba zao, na kwao anayeijua tarehe ya mwezi hana haja ya saa.

Mvuto wa mwezi unaoyaendesha maji hayo hauishii majini. Mwamba mkavu nao huinuka na kushuka kwa makumi ya sentimita bila mtu kuhisi. Msuguano wa maji na sakafu ya bahari, kwa upande wake, huipunguzia dunia kasi ya kuzunguka, huku mwezi ukisogea mbali kiasi cha sentimita 3.8 kwa mwaka.

Ushahidi wa kale wa kupungua kwa kasi hiyo ulipatikana kwa ufundi uleule wa kuhesabu: mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa Marekani, alihesabu mistari myembamba ya ukuaji wa kila siku katika visukuku vya matumbawe, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 350, akapata takribani 400 kwa mwaka mmoja, maana siku zilikuwa fupi na nyingi zaidi. Matumbawe ya Unguja ni machanga mno kutoa ushahidi kama huo. Hata hivyo, plasta inapobanduka katika kuta za Mji Mkongwe, vitundu vya viumbe wa jamii hiyo huonekana ndani ya jiwe, vimepangana kama nyota.