Hongera, Wafugaji wa Singida

Anayekula kuku wa kienyeji Dar es Salaam, mara nyingi anakula jasho la familia ya Singida. Mkoa huu mkavu wa katikati ya Tanzania umejijengea jina kwa kuku wake, na nyuma ya jina hilo wapo akina mama, wazee na watoto wanaostahili pongezi za dhati.

Kazi yao inataka macho. Kuku huatamia siku 21. Vifaranga wakitoka, hufunikwa tenga wasinyakuliwe na mwewe. Kila baada ya miezi mitatu, alfajiri kabla banda halijafunguliwa, kuku hushikwa mmoja mmoja na kudondoshewa jichoni tone moja la chanjo ya kideri. Tone hilo ndilo kinga ya banda zima, maana kideri kikiingia hufagia.

Familia hizo hufuga mbuzi pia. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, huzaa pacha mara kwa mara, na nyasi zikikauka huendelea kula majani ya miti. Samadi yake hurudi shambani kwenye mtama na alizeti. Kuku hununua chumvi na madaftari. Mbuzi hulipia sare za shule na matibabu mazao yanapokataa.

Hongereni sana. Mnaifanya ardhi yenye mvua haba itoe mayai, nyama na heshima. Nasi wanunuzi tuwalipe bei ya haki, na maofisa mifugo wawafikishie chanjo kwa wakati. Mnastahili.