Dawa Inayobagua: Amifostini na Tezi za Mate

Mgonjwa wa saratani ya koo akimaliza wiki sita au saba za mionzi, mara nyingi uvimbe huwa umenywea, lakini mate nayo yamekauka. Ugali haupiti bila maji, meno yanaoza upesi, usiku ulimi unanata kwenye kaakaa. Tezi za mate zimeungua kwa sababu ziko karibu na uvimbe. Je, zinaweza kukingwa bila uvimbe wenyewe kupata kinga hiyohiyo?

Jibu lilianzia jeshini. Mwaka 1949 Harvey Patt na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa sisteini, asidi-amino yenye salfa, kabla ya kupigwa eksirei walinusurika kwa wingi zaidi. Jeshi la nchi hiyo, likihofia bomu la nyuklia, likaanza kutafuta dawa ya kumkinga askari. Katika taasisi ya Walter Reed zilipimwa kemikali kwa maelfu, na mojawapo, WR-2721, ndiyo iliyokuja kuitwa amifostini.

Mionzi inapopita ndani ya seli huvunja molekuli za maji na kuzalisha radikali huru, nazo hukatakata DNA. Salfa iliyomo kwenye dawa huzidaka radikali hizo mapema, na pia huipa DNA iliyojeruhiwa hidrojeni ya kuitengeneza. Kazi hiyo ingeweza kufanyika hata ndani ya saratani. Ustadi wa amifostini uko hapa: salfa yake imefunikwa kwa fosfati, na ikiwa imefunikwa haifanyi kazi. Kimeng'enya cha kuifunua, fosfatasi alkali, kimejaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya tishu zenye afya. Uvimbe una mishipa duni, oksijeni haba na asidi nyingi, mazingira ambayo kimeng'enya hicho hulegea. Hivyo dawa hufunuliwa zaidi penye afya. Tezi za mate huifyonza kwa wingi. Ubongo hauipati, kwa kuwa haivuki kizuizi kati ya damu na ubongo.

Tena haikai. Baada ya dakika sita, chini ya asilimia 10 ndiyo iliyobaki kwenye damu. Ndiyo maana huchomwa mshipani dakika 15 hadi 30 kabla ya mionzi, kila siku ya tiba.

Mwaka 2000 David Brizel na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 315 wa saratani za kichwa na shingo. Ukavu wa mdomo wa kiwango cha kati au zaidi wakati wa tiba ulishuka kutoka asilimia 78 hadi 51, na ule wa kudumu kutoka 57 hadi 34, bila dalili kwamba saratani ilinufaika. Vidonda vya mdomoni havikupungua. Kichefuchefu, kutapika na presha kushuka viliwachosha wagonjwa wengi, na baadhi waliacha dawa. Kisha mashine za mionzi zikaipita: jaribio la PARSPORT la Uingereza, mwaka 2011, lilionyesha kwamba kuielekeza mionzi ikwepe tezi kulipunguza ukavu baada ya mwaka mmoja kutoka asilimia 74 hadi 38, bila sindano yoyote. Kwa hesabu hiyo, mashine inaonekana kuwa chaguo bora.

Hata hivyo kanuni ya kubagua haijapitwa na wakati. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walishiriki jaribio la vidonge vya vitamini E, ambavyo mwanzoni viliambatana na betakarotini. Madhara makali ya mionzi yalielekea kupungua kwa waliopewa vidonge hivyo, lakini vifo vilikuwa vingi kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Vitamini hizo hazina kifuniko kinachosubiri tishu yenye afya.

Kwa hiyo wewe unayepata mionzi, au unayemuuguza anayeipata, usimeze kidonge cha vitamini wala dawa ya mitishamba kimyakimya kwa nia ya kujikinga. Mpelekee daktari wako wa mionzi chupa yenyewe, asome kilichomo kabla hujaendelea.