Rosa, baba yake, na ruhusa iliyoandikwa na sheria

Wiki mbili zilizopita tulikaa watu sita chini ya mti, si mbali na ziwa Singidani, tukabishana juu ya Rosa Mistika. Upepo wa Singida mnaujua. Kurasa zilikuwa zinajifungua zenyewe. Mzee mmoja wa kanisa, Mlutheri wa Iramba, alitusikiliza kwa muda mrefu kisha akasema, "Zakaria hakuwa na dini, alikuwa na fimbo." Tukacheka. Lakini nilipofika nyumbani sentensi ile ilinisumbua, kwa sababu ndiyo hasa hoja ya riwaya, na pia ndipo riwaya inapoteleza.

Kwa ambaye hajaisoma: Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliitoa mwaka 1971. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye ikarudi kama kitabu cha kiada. Rosa anapewa barua na kijana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, mwalimu wa zamani aliyegeuka mlevi, anampiga kwa ajili ya barua hiyo. Binti anakwenda shule ya wasichana ya masista akiwa na hofu ya wanaume, na hofu hiyo inapopasuka, inapasuka vibaya. Mwishoni Charles anarudi kumchumbia, anagundua si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Darasani tulifundishwa kwamba hii ni riwaya ya malezi: mzazi mkali anaharibu mtoto. Sawa, lakini usomaji huo unamwacha Rosa mahali palepale, kitu cha kulelewa vizuri au vibaya. Hebu tulitazame jina lake kwanza. Rosa Mistika ni jina mojawapo la Bikira Maria katika litania. Yaani kabla hajajua kusoma, mtoto ameshapewa kazi ya kuwa bikira. Baba anailinda kazi hiyo kwa kipigo, masista kwa ukuta, na Charles, msomi wa kisasa kabisa, anakuja kuikagua. Watu watatu tofauti, swali ni moja. Hapo Kezilahabi ni mkali kuliko wengi wanavyomkubali: usasa wa Charles haumpi Rosa haki yoyote ambayo kanisa halikumpa.

Kuna hadithi tunayopenda kusimuliwa kuhusu Ulaya, kwamba dini ilirudi nyuma na haki za mtu zikasonga mbele, kama maji na nchi kavu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1521 pale Worms, aliyesimama mbele ya mfalme na kudai dhamiri yake ilikuwa mtawa, Martin Luther, na alidai kwa jina la Maandiko. Wafaransa walipotangaza haki za binadamu na raia mwaka 1789, wanawake wakabaki nje. Olympe de Gouges akaandika tangazo la wanawake mwaka 1791, na miaka miwili baadaye akakatwa kichwa na mapinduzi yaleyale. Charles ana mababu wengi.

Na huku kwetu dhamiri ya Luther iliingia Iramba pamoja na utawala wa Kijerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walipoondoka, wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Walijenga shule na hospitali, na wasichana wengi wa mkoa huu walijifunza kuandika jina lao kwenye madawati hayo. Sitadharau hilo. Ila kujua kuandika jina lako si sawa na kuulizwa unataka nini.

Mfano wa karibu, jamani, ni mwili wenyewe. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba Singida takriban wanawake 31 kati ya 100 wamekeketwa. Sheria imekataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 tangu 1998, na makanisa yamehubiri. Kilichofuata kwa baadhi ya familia ni kuwakata watoto wachanga kwa siri, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa. Mtoto wa wiki chache hana barua ya kufichwa wala mdomo wa kukataa. Fimbo ya Zakaria angalau ilionekana.

Sasa kasoro niliyoitaja. Riwaya inafunga kwa Rosa na baba yake mbele ya Mungu, wakishitakiana. Wengi wanaisifu sehemu hii kwa ujasiri. Mimi inanikera. Kurasa zote Rosa anatendwa, na siku anapopata baraza la kumsikiliza ameshakufa. Haki ya kumshitaki baba ipo mbinguni tu! Mwandishi mwenye macho makali hivyo angeweza kumpa binti dakika tano za hasira akiwa hai.

Au labda hakuweza, kwa kuwa nchi yenyewe haikuwa na baraza hilo. Mwaka uleule wa 1971 ilipita Sheria ya Ndoa: msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya baba. Hati ya haki za binadamu haikuwamo kwenye katiba yetu mpaka 1984. Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Mahakama, hapa duniani, ilisikiliza kesi ya Rosa akiwa hai, ingawa Rosa wa Kezilahabi angekuwa bibi kizee.

Pale chini ya mti alikuwepo dada mmoja anayefundisha shule ya msingi. Nilipowasomea kifungu cha 17 akanisimamisha. "Ridhaa ya baba. Na Regina je?"

Regina, mama yake Rosa, yule anayelima na kupigwa. Kwa sheria ile angeulizwa iwapo Zakaria amekufa.